Prosesa ya Bi Skrubu

Mtu anayekalia miwani yake mara kwa mara huishia kuwajua mafundi wa miwani wa kila mji anaopita. Mimi ni mmoja wa watu hao, na naweza kusema bila kuapa kwamba mafundi hawa wanafanana kuliko mapacha. Kibanda chembamba, taa yenye shingo ndefu, kopo la skrubu ndogo kama mbegu za mchicha, na swali linaloulizwa kwa upole kana kwamba umefiwa: "Uliikalia, au uliilalia?"

Aliyeniuliza hivyo safari hii alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mabega mapana, vidole vyembamba, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Skrubu. Aliunyoosha mkono wa miwani yangu kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kuupinda. Nje mvua ilikuwa inanyesha, sikuwa na mwavuli, na yeye si mtu wa kukaa kimya na mteja. Ndivyo nilivyoipata habari ya prosesa.

Nyumbani kwake kuna meza moja kubwa sebuleni, na meza hiyo ina mpaka usiochorwa. Upande wa dirishani ni wa mumewe, mwalimu wa jiografia, pamoja na madaftari ya wanafunzi na kalamu nyekundu. Upande wa ukutani ni wa kompyuta. Si kompyuta ya ofisini, zile za kijivu zinazopiga chafya na kulala. Hii ni ya michezo: sanduku jeusi lenye kioo ubavuni, feni tatu, taa nyekundu ndani kama jiko la mkaa. Ikiwashwa inanguruma hadi chumba cha pili. Iliunganishwa kipande kwa kipande na mdogo wake Bi Skrubu, kitinda mimba wa kwao, wakati bado anaishi nao chumba cha nyuma. Alipoondoka kwenda ng'ambo, ambako anaoka mikate katika nchi ya baridi, aliiacha. Kwa kuwa imetoka upande wa mke, Mwalimu huiita Shemeji.

"Shemeji amekohoa leo," husema. Au, "Mwamshe Shemeji, saa kumi hiyo."

Saa kumi alasiri, kila Jumapili, Bi Skrubu huvaa hedfoni, hushika usukani wa plastiki, huweka mguu kwenye pedali chini ya meza na kuendesha lori.

Ni mchezo usio na bunduki wala mazimwi. Unapewa lori, unapewa mzigo, unaambiwa uupeleke mji fulani, na mji huo uko mbali kwelikweli. Unakaa kwenye mstari wako, unawasha taa ya pembeni ukitaka kupita, ukikimbia sana unakatwa alama. Kitinda, maana ndivyo wote wa kwao wanavyomwita ijapokuwa ana upara, naye alijinunulia kompyuta huko aliko. Yeye hutangulia na lori la njano, dada yake humfuata na lori la buluu, na kilomita mia nne zote wanazungumza.

Ukitaka kujua kwa nini mwanamke mwenye wajukuu wawili anafanya hivyo, lazima kwanza uwasikie kwenye simu.

"Hujambo, dada?"

"Sijambo. Za huko?"

"Nzuri. Baridi tu."

"Pole."

"Nimeshapoa."

"Haya."

"Haya."

Baada ya hapo kila mmoja husikiliza pumzi za mwenzake mpaka salio limalizike. Hawakuwa hivyo zamani. Simu iliharibika mama yao alipofariki. Kitinda hakufika mazishini, kwa sababu karatasi zake za ukaazi zilikuwa ofisini zikingoja mhuri wa mtu aliyekuwa likizo. Hakuna aliyemlaumu, na hapo ndipo penye shida: hakuna aliyesema neno lolote. Tangu siku ile, wakipigiana, ni kana kwamba mama amekaa katikati yao na wote wawili wanaona haya kuzungumza juu ya kichwa chake.

Barabarani ni tofauti. Ulimi hulegea mikono ikiwa na kazi. Wasusi wanalijua hili, na wanaomenya viazi pia. Nyuma ya usukani Kitinda alieleza habari za bosi wake anayepima mikate kwa rula. Bi Skrubu alieleza habari za goti lake, za mteja aliyeleta miwani iliyotafunwa na mbuzi, za Mwalimu anayekoroma kwa vituo kama msomaji wa taarifa. Habari ya mama walikuwa hawajaifikia. Lakini yeye Bi Skrubu alihisi wanaikaribia, Jumapili baada ya Jumapili, kama unavyohisi mteja aliyekuja kubadilisha skrubu atafungua mdomo aseme kilichomleta.

Kisha mchezo ukanenepa. Wenye nao waliongeza magari, wakaongeza watu wanaotembea, wakaongeza mvua, na Shemeji akaanza kushindwa. Lori la buluu likawa linaruka kama panzi: liko hapa, haliko, liko ndani ya uzio.

"Dada, umelala?" Kitinda aliuliza Jumapili moja.

"Sijalala. Barabara imekatika."

"Barabara ipo. Ni mashine yako."

"Yangu! Nani aliiacha kwenye meza ya watu?"

"Dada, umegonga tela la mtu."

"Limenigonga lenyewe."

Kitinda alicheka kidogo, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya kwenye simu. "Jumamosi wanatoa toleo jipya. Hiyo mashine haitaliweza kabisa, haitafungua hata mlango. Tuache tu, dada. Tutakuwa tunapigiana simu."

Bi Skrubu alivua hedfoni.

"Vipi, dereva?" Mwalimu aliuliza bila kuinua macho. "Umepata ajali?"

"Amesema tutakuwa tunapigiana simu."

Mwalimu aliweka kalamu nyekundu chini. Alikuwa ameshuhudia simu hizo, zote. "Loh," alisema. "Basi mmekwisha."

Jumatatu asubuhi Bi Skrubu aligonga ubao unaotenganisha kibanda chake na cha Fundi Simu. Ubao ni mwembamba. Yeye anawajua wateja wa Fundi Simu wote wanaoficha mazungumzo, na Fundi Simu anawajua wa kwake wote wasioona mbali.

"Jirani, kompyuta ikiwa inaruka, inaumwa nini?"

"Inaruka kwenda wapi?"

"Usinichekeshe, nina huzuni."

Kesho yake, baada ya kufunga kazi, Fundi Simu alifika nyumbani na tumbo lake na bisibisi zake. Akafungua kioo, akamulika ndani, akagusa hiki na kile kama daktari asiyetaka kumtisha mgonjwa. "Kadi ya picha bado kijana," alisema. "Kumbukumbu inatosha. Aliyechoka ni huyu hapa chini ya feni kubwa. Prosesa. Huyu ndiye anayefikiri kwa niaba ya wote. Ana vichwa vinne tu, na mchezo wenu siku hizi unataka vinane."

"Kwa hiyo ninunue kompyuta nyingine?"

"Nani kasema? Bodi yako, huu ubao unaobeba vyote, ilitengenezwa na watu wenye huruma. Tundu lake linapokea hata prosesa za miaka mitatu baadaye. Ila lazima ifundishwe kwanza kumtambua mgeni, la sivyo itamfungia mlango."

Akachomeka flashi yenye mafundisho hayo. Kwa dakika sita, alisema, umeme ukikatika au mtu akigusa swichi, bodi itakufa na hatakuwa na la kufanya ila kutoa rambirambi. Mwalimu alisimama mbele ya swichi ya ukutani, mikono nyuma, kama askari wa benki, na hakumruhusu hata mkewe kupita kwenda jikoni. Bodi ikajifunza, ikajizima, ikajiwasha. Prosesa yenyewe ilipatikana Ijumaa kwa muuza vipuri vilivyotumika, ambaye alikuwa nayo moja tu, imechomekwa kwenye sponji kama pete.

Mipango ilikuwa Fundi Simu aje kuifunga Jumamosi. Jumamosi yenyewe mama mkwe wake akalazwa, na mkwe hangoji.

"Fanya mwenyewe," alimwambia Bi Skrubu, huku akifunga kibanda chake. "Wewe una mikono kuliko mimi. Iwashe kwanza robo saa ipate joto, ile dawa ya kijivu chini ya feni ilainike. Zima, chomoa waya wa umeme. Feni usiivute juu, izungushe kidogokidogo kama kifuniko kilichokwama. Nyanyua wenzo, kile kijiti cha chuma ubavuni mwa tundu, toa ya zamani, weka mpya. Ina pembetatu ya dhahabu kwenye pembe moja. Ikutane na pembetatu iliyo kwenye tundu. Halafu iachie. Itaingia yenyewe."

"Yenyewe?"

"Yenyewe. Kama mtoto aliyechoka anavyoingia kitandani."

Bi Skrubu alisikia yote. Tatizo ni kwamba masikio yake yalisikia, vidole vyake havikuwepo kwenye mkutano.

Aliamua kazi ifanyike kibandani, kwenye taa yake na kitambaa chake cha mahameli. Mwalimu akambeba Shemeji kwa shuka iliyofungwa mafundo manne, kisha akarudi kuchukua skrini, na njiani watu watatu walimuuliza kama amefukuzwa nyumbani. "Bado," alijibu. Saa nane mchana walikuwa ndani wawili, mlango wameurudishia. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri ajabu. Skrubu za feni zilimtii kama watoto wa chekechea. Alizungusha feni kushoto, kulia, kushoto, mpaka ikaachia kwa mlio mdogo wa busu. Alifuta ile dawa ya zamani, akanyanyua wenzo, akaitoa prosesa ya zamani na kuilaza kwenye mahameli.

Sasa, kuna mambo mawili ya kujua kuhusu fundi wa miwani.

La kwanza ni kwamba lenzi haiingii kwenye fremu kwa kubembelezwa. Unaiegemeza upande mmoja, unaweka madole gumba mawili, unasukuma, na husimami mpaka iseme *tak*. Fundi anayengoja lenzi iingie yenyewe ataota mvi. Kwa miaka thelathini madole gumba ya Bi Skrubu yamekuwa yakitafuta *tak* hiyo asubuhi mpaka jioni.

La pili ni kwamba miwani yake mwenyewe ilikuwa ya miaka saba. Kila mteja humhubiria kwamba macho yapimwe kila baada ya miaka miwili, tena huhubiri kwa ukali. Yeye hakuwa na nafasi. Mganga hajigangi.

Kwa miwani hiyo alichungulia tundu, akaiona pembetatu, akageuza prosesa pembe zikutane, akaiweka. Haikukaa sawa. Ilikaa kama mtu kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi. Na hapo madole gumba, bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote, yakashuka na kusukuma.

Haikusema *tak*. Ilitoa sauti ndogo, laini, ya kitu kinachokubali jambo kisilopaswa kulikubali.

"Hiyo ndiyo yenyewe?" aliuliza Mwalimu.

"Nyamaza, Mwalimu."

Aliinyanyua. Prosesa ya aina hiyo tumboni ina pini zaidi ya elfu moja, nyembamba kama nywele za nyusi, zimesimama kwa safu kama wanafunzi wa gwaride. Kwenye pembe moja wanafunzi walikuwa wamelala. Ile aliyoidhani pembetatu kwenye tundu ilikuwa mkwaruzo. Pembetatu ya kweli ilikuwa pembe ya mkabala, imetulia zake.

Bi Skrubu akakaa chini. Muuza vipuri hakuwa na nyingine. Toleo jipya la mchezo lilikuwa limeshatoka tangu asubuhi. Kesho ilikuwa Jumapili.

"Si turudishe ile ya zamani?" Mwalimu alisema kwa sauti anayotumia na wazazi wa wanafunzi waliofeli. "Iko nzima. Halafu umwambie Kitinda tu kwamba—"

"Nimwambie nini? Anipigie simu?"

Mwalimu alivuta taa karibu.

Alichofanya Bi Skrubu baada ya dakika kadhaa za kumtazama mumewe bila kumwona ni kuvuta sanduku chini ya kaunta. Mpima macho huja hapo Jumanne na Ijumaa, na huacha sanduku lake la lenzi za majaribio, pamoja na ile fremu nzito ya chuma ya mviringo inayomfanya kila mteja afanane na bundi. Akaivaa. Akaanza kujitilia lenzi, moja baada ya nyingine, huku anatazama kalenda ukutani. Ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Ya tatu ilipoingia kwenye jicho la kulia, dunia ikasogea mbele hatua moja.

"Ehee!" Akageuka. "Mwalimu, hizo mvi za masikioni umezipata lini?"

"Tangu harusi ya binti yako. Umeziona leo?"

"Na hilo shati lina mistari."

"Limekuwa na mistari siku zote, mke wangu."

Akaongeza lenzi ya kukuza juu ya zile nyingine, akainamia prosesa, na kwa mara ya kwanza akaona uharibifu wake sawasawa. Pini kumi na moja, safu mbili. Tisa zimeinama. Mbili zimelala kabisa.

Hapo ndipo vidole vyake vilipoingia mkutanoni. Kama kuna jambo analolijua, ni chuma chembamba kilichopinda. Anajua kwamba chuma kina kinyongo: ukikirudisha kwa hasira, kinakatika ili kukukomoa. Unakirudisha nusu, unakiacha kipumzike, unarudi baadaye kama vile ulikuwa unapita tu. Koleo zake zote zilikuwa nene mno. Akachukua kile kibanzi cha chuma anachosafishia mfereji wa fremu, chembamba kama jani, akakipenyeza kati ya safu na kuinua pini ya kwanza kwa kiasi ambacho Mwalimu, aliyekuwa ameshika taa, hakuona tofauti yoyote.

"Imesogea?"

"Wewe shika taa."

"Nimeshika. Nauliza tu."

"Ukiuliza, taa inatikisika."

Kila baada ya pini mbili aliinua prosesa usawa wa macho na kutazama kwa ubavu, jicho moja limefumbwa, kama anavyotazama mikono ya miwani ikiwa imelingana. Mteja mmoja alisukuma mlango, akamkuta mwanamke mwenye macho ya bundi amefumba jicho moja, na mwalimu wa jiografia aliyeinua taa kama mlinzi wa kaburi, akasema, "Nitarudi Jumatatu," akafunga mlango taratibu. Zile pini mbili zilizolala zilimchukua muda mrefu kuliko zile tisa zote. Ya mwisho ilipokuwa inasimama alishikilia pumzi muda mrefu, mpaka Mwalimu akamkumbusha kwamba hewa ni bure.

Saa kumi na moja aliiweka tena juu ya tundu, safari hii pembetatu juu ya pembetatu. Kisha akainua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyekamatwa na polisi, ili madole gumba yasije yakajisahau.

Prosesa ikashuka. Yenyewe. Bila sauti hata kidogo.

"Sasa hiyo ndiyo yenyewe," alinong'ona Mwalimu.

Akashusha wenzo, akatia dawa mpya kiasi cha punje ya dengu, akairudisha feni na skrubu zake. Wakaunganisha skrini. Akabonyeza.

Feni zikazunguka. Taa nyekundu zikawaka. Skrini ikabaki nyeusi. Wakangoja. Feni zikasimama, zikazunguka upya. Nyeusi. Mwalimu akasafisha koo. "Shemeji amekata roho," alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo sauti yake haikuwa na mzaha. Alikuwa ameizoea, mashine ile; alikuwa amesahihisha madaftari elfu kadhaa kwa ngurumo yake.

Feni zikasimama tena, zikazunguka tena. Halafu maandishi meupe yakatokea juu kushoto: jina la bodi, jina la mgeni, na idadi ya vichwa vyake. Vinane.

Bi Skrubu wala hakupiga kelele. Alikaa tu, mikono mapajani, na ile fremu ya chuma puani, akiyasoma maandishi yale mara mbili, kwa sababu yalikuwa yanasomeka.

Shemeji alirudishwa nyumbani mezani pake, na toleo jipya likashuka kwa mwendo wa konokono, kutoka Jumamosi jioni mpaka Jumapili adhuhuri. Fundi Simu alipita mchana akitokea kwa mama mkwe, ambaye alikuwa ameruhusiwa na ameanza kugomba, dalili njema. Alisikia habari ya pini, akashika kichwa, kisha akaomba kuonyeshwa, akaambiwa amechelewa, ziko chini ya feni. Akaketi kwenye kompyuta akafungua mipangilio ya picha.

"Nani aliyapunguza haya yote?"

"Mimi," alisema Bi Skrubu. "Kitinda alinielekeza, ili isirukeruke."

"Umekuwa unaitazama dunia kwa ubahili, jirani." Akapandisha kila kitu mpaka juu, akaondoka.

Saa tisa na nusu Bi Skrubu alimtumia mdogo wake ujumbe: *Saa kumi. Washa lori.* Jibu likaja: *Dada, na hiyo mashine?* Akaandika: *Washa.*

Lenzi zake mwenyewe angezikata Jumatatu, kwa hiyo aliketi na fremu ya mpima macho usoni na hedfoni juu yake. Mwalimu alimtazama, akafungua mdomo, akaamua kuishi kwa amani. Barabara ikafunguka. Haikukatika. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye kioo cha lori, tone moja moja, na vifutio vinaifuta. Kando ya barabara kulikuwa na miti, na miti ilikuwa na majani. Lori la buluu liliteleza kutoka kituoni kama mashua kwenye ziwa tulivu, na mbele yake, mita hamsini, lori la njano likawasha taa ya pembeni.

"Dada?" Sauti ilikuwa ya mashaka. "Ni wewe unaendesha hivyo?"

"Kwani umemwona nani?"

"Mbona hurukiruki?"

"Nimekua. Endesha bwana, mzigo unangoja."

Wakaendesha. Alimsimulia habari ya madole gumba, na Kitinda akacheka mpaka akatoka kwenye mstari na kukatwa alama. Akamsimulia habari ya bundi. Wakafika kwenye mteremko mrefu, magari yakasongamana, na lori la buluu likasogea karibu na lile la njano kuliko lilivyowahi kusogea, kwa sababu siku zote alikuwa akiogopa kuligonga.

Mlango wa nyuma wa lori la njano ulikuwa na maandishi. Mekundu, ya kuandikwa kwa mkono, kama yale madereva wanayoyaandika kuwachekesha au kuwatisha wanaowafuata. Aliyasoma.

MAMA NIMECHELEWA.

Mguu wake ukaachia mafuta. Lori la buluu likapungua mwendo.

"Dada? Imekatika tena?"

"Haijakatika."

"Mbona umepunguza?"

"Nasoma."

"Unasoma nini?"

"Mlango wako wa nyuma."

Kisha Kitinda akasema, polepole, "Dada, hayo yapo hapo tangu wiki ya msiba."

"Nilikuwa siyaoni."

"Miezi tisa uko nyuma yangu!"

"Miezi tisa nafuata kitu cha njano. Hata ungeandika unatafuta mke, nisingejua."

Kitinda alitoa sauti puani, nusu kicheko. "Mimi nilidhani umeyasoma, ukanyamaza. Kila Jumapili nilikuwa nangoja uyataje. Ndiyo maana nikasema tuache. Niliona kama hata hili halina jibu, basi simu inatosha."

"Mimi? Ninyamaze? Umesahau umezaliwa tumbo moja na nani?"

Upande wa pili wa meza kalamu nyekundu ilikuwa imesimama katikati ya daftari la mtu. Mwalimu alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini upande mmoja ulitosha. Alifunga daftari bila kuliwekea alama.

"Uliza," Bi Skrubu alisema.

"Niulize nini?"

"Chochote. Tuna kilomita mia tatu."

Lori la njano likaenda kilomita nzima kabla Kitinda hajauliza. "Aliniulizia?"

"Siku ya mwisho aliuliza kama umekula. Nikamwambia, mama, huyo ni mwoka mikate, hawezi kufa njaa. Akasema, 'Mwoka mikate ndiye asiyekula.'"

Lori la Kitinda lilikuwa limenyooka kwenye mstari wake, taa za nyuma zikimeremeta kwenye maji. Kisha akasema, "Ni kweli. Huwa nasahau."

"Alijua. Haya, uliza nyingine."

Akauliza nyingine. Akauliza nani walikuja mazishini. Dada yake akamtajia wote, akianza na yule jirani aliyegombana na mama miaka kumi kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, na ambaye siku ile alilia kuwashinda watoto wa marehemu, mpaka shangazi akamwuliza kama anataka kiti cha mbele. Kitinda alicheka, kisha kicheko kikageuka, na dada yake akangoja huku anapanda kilima kwa gia ndogo. Akamweleza mti ulio karibu na kaburi ni upi. Akamweleza alichosema daktari. Akamweleza kwamba wakati wa kumimina udongo alihesabu ndugu na kwa mazoea akahesabu wanne, naye Kitinda akiwamo.

Mji waliotumwa ulijitokeza mbele, maghala yake ya mabati, kisha lango kubwa lenye mshale wa kuonyesha mahali pa kushushia mizigo. Lori la njano likalipita. Lori la buluu likalipita pia.

"Dada," alisema Kitinda, "tumepita lango."

"Nimeliona. Endesha."